Safari ya Jino: Kutoka Lobule Mpaka Arua na Mtoto Mwenye Hofu



Mwezi huu ukurasa wa safari hautupeleki mbali. Tunatoka hapa Lobule asubuhi, tunapita Koboko, tunafika Arua, na jioni tunarudi nyumbani. Wengi wenu munaijua njia hiyo sababu ya soko, sababu ya ndugu, au sababu ya makaratasi. Lakini leo tunaipita pamoja na mtoto anayeumwa jino. Mtu mwenye jino bovu anaijua barabara kwa namna yake: kila shimo linagonga ndani ya taya.

Sisi walimu wa kujitolea tunawaona watoto hawa kila siku. Mtoto ameshika shavu, anatafuna upande mmoja, hataki kusoma kwa sauti. Ukimwuliza, anajibu haraka, "Siumwi, mwalimu." Anaumwa. Anajua tu kwamba akikubali, atapelekwa. Basi anakaa kimya wiki mbili, mwezi, mpaka siku uso unavimba na usiku nyumba nzima hailali.

Nimewasindikiza wazazi kadhaa kwenye safari hiyo. Nilichokiona ni hiki: hofu ya mtoto haianzii kwenye kiti cha daktari wa meno. Inaanza nyumbani, inapanda boda pamoja naye, inapanda takisi, inaingia naye mlangoni. Na mzazi anayejua kusema naye anaweza kuishusha kidogo kidogo njiani, kabla hawajafika.

HOFU INATOKA WAPI?

Kwanza, inatoka kwetu sisi wakubwa. Ni nani hajasikia mama akisema, "Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano"? Maneno hayo yanamnyamazisha mtoto leo. Kesho, ukimwambia daktari ni rafiki, hatakuamini. Wewe mwenyewe ulimfundisha kwamba daktari ni adhabu.

Pili, inatoka kwenye mambo ambayo yalitendeka kweli. Katika sehemu nyingi za Uganda, Congo, Sudan Kusini na Tanzania kuna imani ya "meno ya plastiki". Hapa Uganda watu wengi wanayaita ebino. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi zake zikiwa zimevimba, anapelekwa kwa mtu anayechimba fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu na kutoa kitu cheupe. Anasema ni mdudu, au ni jino la uongo. Hapana. Kile ni chipukizi cha chonge, jino ambalo lingetoka lenyewe mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Hapo mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na meno yake ya ukubwani yanaweza kutoka yameharibika au yasitoke kabisa. Kuhara kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari na kwa kwenda kituo cha afya. Spoku haitibu kuhara.

Tena, kwa ndugu zetu Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, wazee wengi waling'olewa meno ya mbele ya chini kama desturi, bila ganzi. Watoto wanakaa jioni wanasikia habari hizo zote. Kwa hiyo mtoto akisema "wataning'oa kwa chuma", si kwamba anatunga. Anakumbuka alichosikia.

Tatu, wako watoto walioona vita. Kwa mtoto aliyeshikwa kwa nguvu, au aliyeona mtu akishikwa, kulazwa chali wakati mtu mkubwa anainama juu ya uso wake si jambo dogo. Huyo si mkaidi. Mwili wake unakumbuka.

Nne, tunachelewa. Mtoto akimwona daktari wa meno kwa mara ya kwanza siku ambayo uchungu umefika juu kabisa, atafikiri kiti kile na uchungu ule ni kitu kimoja, na ataviogopa vyote viwili maisha yake yote.

KABLA YA KUONDOKA LOBULE

Makazi yetu ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013, ndugu zetu walipovuka kutoka Congo. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu na wewe. Wataangalia mdomo, watatoa dawa inayofaa, na kama kazi ni ya mtaalamu wa meno watakuandikia barua. Kwa utaratibu wa Uganda, mtaalamu wa meno anatarajiwa kuanzia ngazi ya kituo cha afya namba 4 na kwenda juu, yaani hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa. Basi wengine wanaishia Koboko, na wengine wanaendelea mpaka Arua. Uliza kwanza ni siku gani mtaalamu anakuwepo, maana nauli ikipotea bure inauma kuliko jino.

Mwambie mtoto lini? Mdogo wa miaka 4 au 5, mwambie jana yake, isiwe wiki nzima mbele, asije akakaa na hofu siku saba. Mkubwa anaweza kuambiwa siku mbili tatu kabla. Lakini usimdanganye kwamba munaenda sokoni. Mtoto aliyedanganywa anaweza kuingia leo. Siku nyingine hatakubali kupanda hata boda.

Usiku huo chezeni mchezo wa daktari. Hauhitaji kitu cha kununua. Mtoto akae kwenye kiti, au alale kwenye mapaja yako akiangalia juu. Mfunike kwa kitenge kifuani. Chukua kijiko safi, kiwe kioo cha daktari. Hesabu meno yake kwa sauti: moja, mbili, tatu. Meno ya utoto yakikamilika ni 20, kumi juu na kumi chini. Halafu mubadilishane: yeye awe daktari, wewe uwe mgonjwa. Watoto wanapenda sana sehemu hiyo, na wewe fungua mdomo vizuri usikatae!

Unapohesabu, angalia mwisho kabisa nyuma. Kwenye miaka 6 hivi linatoka gego jipya nyuma ya meno ya utoto. Halitoki kwa kusukuma jino lolote, kwa hiyo wazazi wengi wanafikiri ni la utoto, wanasema "liache, litang'oka, litaota lingine." Halioti lingine. Hilo ni la maisha. Likianza tundu mapema linaweza kuzibwa. Likiachwa, ni kung'olewa.

Asubuhi mpe uji au chakula kingine kabla ya kuondoka, maana baadaye mdomo utakuwa na ganzi. Beba barua ya rufaa, karatasi ya familia, daftari la kuandikia matibabu, maji ya kunywa, na kitambaa safi.

KOBOKO: NENO LA KWANZA

Kutoka makazini mpaka mjini Koboko ni boda na vumbi. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua mpaka mwaka 2005, ilipopewa wilaya yake. Ni mji wa mpaka: Congo upande mmoja, Sudan Kusini upande mwingine. Sokoni unasikia Kikakwa, Kilugbara, Lingala, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili chetu, vyote kwenye bei ya fungu moja la nyanya.

Hapo, mukisubiri takisi ijae, mpe mtoto neno la kwanza: habari ya kiti. "Utakaa kwenye kiti kikubwa. Kinaenda juu, kinaenda chini, kinalala nyuma kama kitanda. Kuna taa kubwa, inaangalia mdomo wako, haichomi." Basi, ishia hapo. Usimwage gunia lote mara moja. Mtoto anabeba habari kama anavyobeba maji: ukimpa jerikani ya ukubwa wake atafika nayo, ukimpa kubwa atamwaga yote njiani.

Akikuuliza, "Mama, itaniuma?" usiseme "haiumi hata kidogo." Ikiuma kidogo tu, umekuwa mwongo mbele yake. Sema, "Kuna kitu kidogo kitakachokuchoma kama siafu, kwa muda mfupi. Kisha pale patalala usingizi. Nitakuwa pamoja na wewe." Maneno machache, ya kweli.

NJIANI: NENO LA PILI

Kutoka Koboko mpaka Arua ni kama kilomita 55. Barabara hii ya lami inatoka Oraba mpakani na Sudan Kusini, inapita Koboko, Maracha na Arua, inaishia Vurra mpakani na Congo. Upande huu na ule ni mashamba ya muhogo, tumbaku na simsim, miembe mikubwa, na watoto wa shule wenye madaftari kwenye mifuko ya plastiki. Takisi inasimama, inashusha kuku, inapandisha mama na gunia la mkaa, inaendelea.

Hapo kuna muda mzuri wa kufundisha mambo mawili.

La kwanza ni pumzi. Mwambie avute hewa kwa pua taratibu, halafu apulize nje kwa mdomo kama anapoza chai ya moto. Mufanye pamoja mara tano. Mukiona mti mkubwa, pulizeni. Mukifika Maracha, pulizeni tena. Itakuwa mchezo. Kwenye kiti atapumua kwa pua tu, polepole vilevile, maana mdomo utakuwa wazi na kazi inaendelea. Mtu anayepumua taratibu, moyo wake nao unashuka.

La pili ni ishara. Mkubaliane kwamba akitaka daktari asimame, atainua mkono wa kushoto. Mufanyie majaribio: wewe umguse shavu, yeye ainue mkono, wewe uache mara moja. Mtoto anayejua anaweza kusimamisha kazi, mara nyingi haisimamishi. Anayejua hana ruhusa ya kusema kitu, huyo ndiye anayepiga mateke.

ARUA: MLANGONI NA KWENYE KITI

Arua unaiona kabla hujafika, kile kilima chake kiko juu ya mji. Tangu Julai 2020 Arua ni jiji kamili, boda ni nyingi kuliko nzige, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko pale pale mjini. Kwenye vituo vya afya na hospitali za serikali za Uganda ada kwa wagonjwa wa kawaida ilifutwa mwaka 2001. Lakini foleni ipo. Fikeni mapema.

Foleni ndiyo sehemu ngumu, maana mtoto anaona waliotoka wameshika shavu, anasikia mwingine analia ndani. Tafuta mahali pa kukaa mbali kidogo na mlango, na mwombe jirani akuite zamu ikifika. Mpe kazi: achore, ahesabu vigae, akusimulie hadithi. Na wewe uso wako utulie. Mtoto anausoma uso wa mama yake kabla ya kuusoma ukuta wa hospitali. Kama wewe mwenyewe unaogopa meno sana, na wako wengi, mwombe shangazi au mjomba amwingize mtoto.

Mukiingia, mwambie daktari mambo matatu kwa sauti ya chini: jina la mtoto, lugha anayosikia vizuri, na kama aliwahi kushikwa kwa nguvu au kuona vita. Omba asishikwe kama hakuna lazima, na omba ukae anapokuona. Kumwomba daktari kwa heshima si ukorofi. Wengi wanafurahi kuambiwa, maana wao wanaona mdomo tu, historia hawaioni.

Madaktari wa meno wana njia moja ambayo Mmarekani mmoja, Addelston, aliiandika mwaka 1959, na mpaka leo inafundishwa dunia nzima. Ni maneno matatu: eleza, onyesha, fanya. Kwanza anamweleza mtoto kwa lugha ya mtoto. Halafu anamwonyesha, kwa mfano anagusisha kioo kwenye ukucha wake. Mwisho anafanya, vilevile kama alivyosema, bila kuongeza kitu cha kushtukiza. Ukiangalia vizuri, ndivyo na sisi tunavyofundisha mtoto kuchota maji au kuwasha moto. Kama daktari ana haraka, unaweza kumwomba, "Daktari, tafadhali mwonyeshe kwanza."

Sasa sindano ya ganzi. Inachoma kidogo, halafu mdomo unakuwa mzito kama si wake. Jino linapong'olewa, mtoto atasikia kusukumwa na kuvutwa. Mwambie mapema: "Utasikia anasukuma. Kusukuma si kuuma. Ikiuma, inua mkono." Watoto wengi wanalia kwa sababu walisikia kusukumwa, wakafikiri uchungu unakuja nyuma yake. Na kama ni kuziba, mashine inalia kama nyuki au kama cherehani. Ni sauti tu.

Akilia, usimwaibishe. Usimwambie "mwanaume halii", wala "mbona mdogo wako hakulia". Kulia na kukaa kwenye kiti vinaweza kwenda pamoja. Kazi ikiisha, msifu kwa kitu alichofanya kweli: "Ulifungua mdomo vizuri. Ulipumua kama tulivyofanya njiani." Na zawadi isiwe pipi, tafadhali!

KURUDI NYUMBANI

Baada ya kung'oa, atauma kitambaa au pamba kama nusu saa bila kufungua fungua. Ganzi inakaa saa mbili tatu hivi, na hapo watoto wanatafuna mdomo wao wenyewe bila kujua, kwa hiyo mwangalie njia nzima. Asisukutue mdomo siku hiyo, asitie kidole wala majani kwenye kidonda. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji, ndizi iliyopondwa, mchuzi uliopoa. Kuanzia kesho yake asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Damu ikiendelea kutoka sana, au homa na uvimbe vikizidi, murudi kituo cha afya.

Kwenye takisi ya kurudi, muombe akusimulie yeye mwenyewe. Usimwekee maneno. Namna atakavyoisimulia siku hii ndivyo atakavyoikumbuka, na kesho ataisimulia darasani. Mtoto mmoja wa P.3 aliyerudi akiwaonyesha wenzake pengo na kuwaeleza habari za kiti kinachopanda, aliwasaidia watoto wengine kuliko mahubiri yangu ya wiki nzima. Siku mbili baadaye msichana aliyekuwa akisema "siumwi, mwalimu" alikuja mwenyewe akafungua mdomo.

JAMBO LA KULUVA, KWA WAKUBWA TU

Ukitoka Arua kwa barabara ya kusini, kama kilomita 11, unafika hospitali ya Kuluva. Zamani alifanya kazi hapo daktari Mwingereza, Ted Williams. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago kule Kampala, aliandika habari za uvimbe unaowashika watoto kwenye taya. Mwishoni mwa mwaka 1961 Burkitt, Williams na mwenzao Nelson waliondoka Kampala kwa gari wakazunguka nchi nyingi za Afrika mpaka kusini, kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani, na West Nile yetu ni sehemu mojawapo ambako ulichunguzwa kwa miaka mingi.

Kwa nini nataja habari hii kwenye makala ya kupunguza hofu? Sababu dalili yake mara nyingi inafanana na jino: taya linavimba, meno yanalegea kabla ya wakati wake. Uvimbe mwingi wa shavu ni jino lililooza tu. Lakini huu mwingine unakua kwa siku, si kwa miezi, na ukiwahiwa una dawa. Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ilianza mwaka 1967 kwa kutibu uvimbe wa namna hii. Mtoto anayeficha kwa hofu, na mzazi anayesema "ni jino, litapoa", wanaweza kupoteza siku ambazo hazirudi. Hii usimsimulie mtoto. Ni ya kwako wewe. Usingoje akionyesha hizi: taya linalovimba haraka, meno mazima yanayolegea, uvimbe unaofika kwenye jicho au shingo, homa kali, mdomo usiofunguka, shida ya kumeza au kupumua. Siku hiyo hiyo kituo cha afya.

TUANZE NYUMBANI

Njia nzuri ya kuondoa hofu ni mtoto afike kwa daktari wa meno siku ambayo hakuna kinachomuuma, aangaliwe tu, aondoke. Kama nauli haipo, na mara nyingi haipo, basi kila Jumapili jioni kijiko na mwanga wa jua vinatosha: fungua mdomo, hesabu, angalia madoa meusi na fizi nyekundu. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala, asugue meno kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya njegere kwa mkubwa zaidi. Kijiti safi cha mti kinasaidia pia kama mswaki umeisha. Na chai ya sukari nyingi usiku baada ya kusugua, tuache.

Na wiki hii, kabla hamjaenda popote, tujaribu jambo moja dogo sisi wote wa makazi haya: tusimtishe mtoto yeyote kwa jina la daktari. Akilia, tutafute neno lingine.

Mubaki salama. Tukutane mwezi ujao.